Samsoni Amelala

"Mwiko kwa Chungu. Mtu wangu amekata kona, ameingia Mtaa wa Congo. Nataka gari."

Redio ilikoroma. Kisha sauti ya mkuu wake, Bwana Ignasi, ikaja taratibu, kama mtu aliyekatizwa chakula.

"Chungu kwa Mwiko. Gari lipo. Petroli haipo."

Kasmir Tesha alitamani kuitupa ile Motorola mtaroni. Akaibana kwapani na kuendelea kukimbia.

Ijumaa, saa nne asubuhi, Kariakoo imefurika. Foleni ya sabuni ilianzia duka la ushirika na kufunga mtaa mzima. Kasmir aliipasua foleni kwa bega. Wanawake wakamtukana, maana walidhani anataka kuruka zamu. Mbele yake, hatua thelathini, jamaa wa shati la drafti alikuwa akipenya kama mtu aliyezaliwa humo sokoni.

Robo saa iliyopita jamaa huyo alikuwa amerusha bomu la mkono dirishani, katika nyumba ya siri ya Mtaa wa Mafia. Kitanda kilisambaratika. Mgeni, ambaye ndiye aliyekusudiwa, aliokolewa na tumbo la kuhara. Alikuwa chooni.

Mgeni alikuwa daktari kutoka kusini. Kichwani mwake alikuwa na majina ya makachero wote wa makaburu waliopandikizwa kwenye kambi za wapigania uhuru. Angefika Kigamboni, kwenye kambi ya jeshi, hakuna ambaye angemgusa. Kutoka Kariakoo hadi pantoni ya Magogoni ni mwendo wa kutembea kwa miguu. Lakini wiki ya tano sasa Kasmir alikuwa hajaweza kumvusha. Kila alipompangia safari, wauaji walitangulia.

Nyumba ya kwanza, Ilala, walipiga risasi. Ya pili, Gerezani, waliichoma moto. Leo hii, bomu.

Na waliojua nyumba hizo walikuwa wawili tu. Yeye na Ignasi.

Jamaa wa shati la drafti alitumbukia kwenye mlango mmoja Mtaa wa Sikukuu. Kasmir akaingia nyuma yake, bastola ya Makarov mkononi. Akapita ukumbini, akatokea uani. Ukuta mfupi, kuku wanatawanyika, hakuna mtu.

Alisimama pale uani akihema. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na kwa mara ya kwanza kazini alijisikia kulia kwa hasira.

"Ukimaliza kuwatisha kuku wangu, karibu ndani," sauti ilisema.

Aliyesema alikuwa mzee Sadalla, mchoraji. Karakana yake ilinuka tapentaini. Kwenye kuta aliegemeza mabango ya vinyozi, Kaaba, Bikira Maria na simba. Yeye alikuwa mswalihina, tena wa safu ya mbele msikitini, lakini Wachaga wenye maduka walimmwagia oda za picha za Biblia, naye akawachorea bila kinyongo.

"Shikamoo, fundi. Huyu aliyepita hapa unamjua?"

"Marahaba. Simjui. Mlango wangu umekuwa kichochoro, kila mwenye haraka anapita."

Kasmir aligeuka aondoke. Ndipo alipoiona picha.

Ilikuwa kwenye egemeo karibu na dirisha, rangi haijakauka, ukubwa wa mlango wa kabati. Samsoni amelala magotini pa Delila. Mtu wa tatu ameinama, ana wembe, ananyoa. Vishungu vya nywele vimezagaa mkekani.

Delila alikuwa Theopista.

Si kwamba alifanana naye. Alikuwa yeye. Kidoti chini ya mdomo, shingo ile, ule mtindo wake wa kuinamisha macho anaposikiliza. Theopista, muuzaji wa duka la ushirika, ambaye Kasmir alimpenda mpaka alikwishawaandikia wazee wake Marangu waanze kuandaa pombe ya mbege ya posa.

"Huyu mwanamke umemtoa wapi?" Sauti yake mwenyewe ilimshangaza.

"Alikaa hapo kwenye kigoda, siku tatu. Mimi sichori uso nisiouona. Bila mtu kukaa mbele yangu mkono hauendi, ndivyo alivyonifunza marehemu baba."

"Na huyu mwenye wembe?"

"Huyo ndiye mwenye oda. Bwana Polycarp, wa duka la mabati. Mimi nilitaka Delila ashike mkasi mwenyewe, kama zile picha za kalenda. Akakataa katakata. Akaniambia Kitabu kinasema Delila aliita mtu, na mtu huyo nimchore yeye. Anapenda sana kujiona, yule bwana. Akataka na sanduku nyuma ya ubao, kina cha shubiri moja. Nikamuuliza la nini, akasema nichore tu."

Polycarp. Miezi miwili faili la Polycarp lilikuwa mezani kwa Kasmir, jembamba, halina ushahidi hata wa kumnyima leseni. Mlezi wa kwaya. Benchi la mbele kila Jumapili. Na kila Jumapili Theopista alikaa benchi la nyuma upande wa pili, na hao wawili hawakuwahi hata kusalimiana. Kumbe walikuwa wanakutana kwa Sadalla.

"Samsoni naye alikaa kwenye kigoda?"

"Samsoni waliniletea picha ya kupigwa na kamera. Mtu amelala."

Kasmir alisogea. Samsoni alikuwa na ndevu za kubandikwa na misuli ya kukopwa. Lakini juu ya sikio la kushoto palikuwa na kovu lenye umbo la ndoana. Kovu kama hilo Kasmir alilipata akiwa mdogo, alipopigwa pembe na ng'ombe wa shangazi yake.

Alikuwa yeye. Wamempiga picha akiwa usingizini, kwenye kitanda cha Theopista.

Akakaa kwenye kigoda bila kuambiwa. Akaanza kukumbuka. Nyumba ya Ilala alimtajia usiku ule alipochelewa, ili asidhani ana mwanamke mwingine. Ya Gerezani alimtajia akijisifu. Ya Mtaa wa Mafia aliitaja juzi tu, akiwa anakula, mdomo umejaa ndizi.

Samsoni wa kwenye Kitabu, kwa ujinga wake wote, alidanganya mara tatu ndipo akasema kweli. Kasmir Tesha, aliyesomeshwa ukachero nchi mbili, alikuwa amesema kweli mara tatu mfululizo.

Alijichukia.

"Anaichukua lini?"

"Kesho jioni."

"Mpe. Na mimi hujaniona."

Ignasi aliambiwa kwa simu ya posta.

"Picha si ushahidi, Kasmir. Nikienda nayo juu watanicheka. Niletee mtu ameshika silaha."

"Nitakuletea."

"Na huyo binti?"

"Nitamaliza mwenyewe."

Jioni ile alikwenda kwa Theopista kama kawaida. Theopista alikuwa amepika kitawa cha ndizi. Alimpokea koti, akamuuliza tumbo linamuuma au vipi, mbona hali. Kasmir alimtazama mikono. Ilikuwa mikono ile ile.

"Nimechoka," alisema, na hilo halikuwa uongo. "Namalizana na yule mgeni Jumapili. Saa tisa alasiri, tunampitisha Msimbazi kwa mkokoteni, kalala chini ya magunia ya mkaa. Nani atapekua mkaa?"

Theopista aliinamisha macho.

"Pole," alisema. "Kula basi, kinapoa."

Kitawa kilikuwa kitamu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jumamosi saa tano alikuwa kwenye ofisi ya vibali. Miaka ile ya uhaba, Jumapili ikipita saa nane mchana, gari la mtu binafsi halikuruhusiwa barabarani bila kibali. Anayetaka kuua saa tisa na kukimbia kwa gari, hana budi kwanza kupanga foleni na kuomba ruhusa ya Serikali.

Karani, mzee Mwinyimvua, alikuwa akifunga kabati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Njoo Jumatatu."

"Nataka kuona vibali vya kesho tu."

"Vya kesho Jumatatu utaviona vizuri zaidi."

Kasmir alionyesha kitambulisho. Mzee alikisoma mbele, akakisoma nyuma, akatafuta miwani, akakisoma tena. Ilichukua nusu saa na ridhaa ya watu wawili mpaka faili likafunguliwa.

Vibali vilikuwa kumi na moja. Madaktari, msiba, harusi, mkunga. Na cha mwisho, Peugeot 504 pikapu, mali ya Polycarp. Sababu ya safari: kupeleka picha takatifu parokiani.

"Hiki ulikigonga muhuri wewe, mzee?"

"Picha ya dini, ningemkatalia vipi? Au si ya dini?"

"Ya dini kabisa. Ila hakuna padri hata mmoja atakayemtundika Delila kanisani."

Mzee alichukua kalamu nyekundu.

"Basi nakifuta."

"Usikifute, nakuomba," Kasmir alisema, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alikaribia kutabasamu. "Huyu bwana asafiri salama."

Jumapili. Saa tisa kasorobo kwa Seiko yake.

Msimbazi ilikuwa tupu. Maduka yamefungwa, lami inawaka, hakuna hata mlio wa pikipiki. Kasmir alisukuma mkokoteni akiwa na singlendi iliyotoboka na kofia ya mkeka. Ulikuwa mzito. Juu magunia ya mkaa. Chini ya magunia sajini Abbasi, kilo tisini, ana SMG, anakohoa.

"Usikohoe."

"Vumbi, afande."

"Basi kohoa polepole."

Waliisikia Peugeot kabla hawajaiona. Siku nyingine ingepotea kati ya malori na teksi. Leo ilikuwa gari pekee mtaa mzima, na kila dirisha la ghorofani lilifunguka kuitazama.

Ilisimama mbele yao kwa kukingama. Polycarp alikuwa kwenye usukani, suti ya kanisani. Jamaa wa shati la drafti aliruka kutoka nyuma, akaishusha picha kwa adabu na kuiegemeza kwenye tairi. Akainama nyuma ya picha.

Mkono ulitoka na bunduki ya Sterling.

"Sasa," Kasmir alisema.

Aliusukuma mkokoteni kwa nguvu zake zote. Ncha ya mbele ilimgonga jamaa kifuani. Risasi moja ikaitoboa picha, nyingine zikaenda angani. Magunia yakaporomoka, Abbasi akainuka katikati ya mkaa, mweusi tii, macho meupe. Jamaa akatupa bunduki bila kuambiwa.

Polycarp alihangaika na gia. Mlango ukafunguliwa. Kitu cha baridi kikamgusa sikio.

"Kasmir, mdogo wangu," alisema, jasho linamtoka. "Sisi ni wa parokia moja. Tumesali benchi moja."

"Hujawahi kukaa benchi langu. Shuka."

"Nina kibali."

"Najua. Nimekisoma."

Redio ilikoroma.

"Chungu kwa Mwiko. Kwaya iko salama Kigamboni."

Asubuhi ile, baada ya misa ya kwanza, kwaya ya parokia ilikuwa imepanda pantoni kwenda kuimba ng'ambo. Waimbaji ishirini na mmoja, majoho meupe. Wa ishirini na moja hakujua hata wimbo mmoja, lakini alifungua mdomo vizuri. Mlezi wao Polycarp ndiye aliyewapigia hesabu ya nauli bila kuwatazama nyuso, maana akili yake ilikuwa kwenye mkaa wa saa tisa.

Theopista hakukimbia. Kasmir alimkuta amekaa kitandani, mkoba wake mdogo umefungwa. Askari wa kike, Zena, alisimama mlangoni akitazama pembeni.

"Walikuahidi nini?"

"Pasi ya kusafiria. Niondoke kwenye hizi foleni."

"Na mimi?"

"Wewe walisema hawatakugusa. Niliwaambia mara tatu, yeye msimguse."

"Nilikuwa nakuoa, Theopista."

Theopista alilia, lakini sauti yake haikutetereka.

"Sikukuuliza hata siku moja, Kasmir. Kumbuka vizuri. Ulikuwa unanisimulia mwenyewe."

Kasmir alikumbuka vizuri. Akamwinamishia Zena kichwa, naye akamchukua.

Nje redio iliita tena.

"Chungu kwa Mwiko. Kazi nzuri. Bunduki na sanduku vimefika. Picha yenyewe iko wapi? Ni kidhibiti."

Ilikuwa kwapani mwake.

"Sikupati, Chungu. Betri inakwisha."

Akaizima.

Alitembea kwa miguu hadi karakana ya Sadalla. Mzee alikuwa ametoka kuswali alasiri. Kasmir aliiweka picha kwenye egemeo. Kona moja ilikuwa na tundu la risasi, juu kidogo ya wembe wa Polycarp.

"Imerudi," Sadalla alisema. "Nizibe tundu?"

"Acha tundu. Huyu aliyelala, mfumbue macho."

Mzee aliitazama picha, akamtazama Kasmir, akaliona kovu juu ya sikio.

"Akifumbua macho si kisa tena hicho. Wachaga hawatanunua."

"Haiuzwi. Mfumbue."

Sadalla alichovya brashi. Akavuta kigoda kwa mguu, akakisogeza mbele ya dirisha.

"Basi kaa hapo," alisema. "Macho siyachori bila kuyaona."

Kasmir alitaka kuondoka. Alikaa. Mzee alimtazama machoni muda mrefu, brashi ikining'inia, halafu akaishusha.

"Leo hayafai," alisema kwa upole. "Yamejaa maji. Njoo kesho."

Kasmir alijipangusa kwa kofia ya mkeka, akaivaa, akatoka. Msimbazi ilikuwa bado tupu. Akatembea katikati ya barabara, mikono mfukoni, hana haraka, hana wa kumsimulia.