Vumbi la Ovaroli

Dobi alikuwa ameshavuka barabara, kopo la udongo likiwa ndani ya mfuko wake, pale sauti ya mama mkwe ilipomfuata ng'ambo.

"Wenzako wanakwenda shule na madaftari, wewe unakwenda na mchanga! Kesho utabeba mawe?"

"Mwalimu kasema kila mtu alete udongo wa mlangoni kwake, mama."

"Na huyu anayelia tumbo nimpe nini?"

Dobi hakugeuka. Angegeuka tu, angerudi, na kipindi kilikuwa kinaanza saa kumi.

Aliyekuwa akilia ni binti yake wa miaka mitatu. Walimwita Kasuku, kwa sababu alianza kusema mapema na hakunyamaza tena. Alipokuwa na miaka miwili aliiga majirani wote wa mama yake. Huyu anavyokohoa, yule anavyocheka. Watu walivunjika mbavu. Sasa maneno yalikuwa yanampotea moja moja. Alishika tumbo, alikataa chakula, alichoka kabla jua halijapanda. Kituo cha afya kilimpa dawa ya minyoo mara tatu. Hakuna mnyoo aliyetoka.

Dobi hakupanga kusoma sayansi. Alikwenda chuo cha jamii kujiandikisha ushonaji, akakuta darasa limejaa.

"Liko Utangulizi wa Sayansi ya Mazingira," karani alimwambia. "Viti vipo tele."

"Hilo linahusu nini?"

"Maji, hewa, udongo. Vitu ambavyo tayari unavyo."

Dobi aliacha shule darasa la sita. Aliandika jina lake polepole, akatoka akijicheka.

Kazi yake ilikuwa kufua ovaroli za karakana ya betri. Humo mumewe na wenzake walipasua betri kuukuu za magari, wakayeyusha kilichomo, wakatengeneza mpya. Kila jioni mume alirudi na furushi la ovaroli nyuma ya baiskeli. Dobi alizitundika kavu kwenye kamba ya mlangoni, akazicharaza kwa fimbo mpaka vumbi la kijivu likaisha kuruka. Ndivyo alivyofundishwa kazi. Ukiloweka nguo na vumbi lake, alisema, unafua tope na kumaliza sabuni bure. Alipomaliza kufua, alisuuza karai mara mbili, kisha akamwogeshea Kasuku humo humo.

Kasuku alipenda kukaa chini ya kamba. Alichora kwa kidole kwenye lile vumbi, kisha akakilamba kidole, kama watoto wote.

Majibu ya udongo yalirudi kutoka maabara baada ya wiki mbili. Mwalimu alikuwa mzee mwembamba, zamani mkaguzi wa viwanda. Alimpa kila mwanafunzi karatasi yake. Ya Dobi aliibakiza mkononi.

"Wewe baki kidogo."

"Dobi kafeli udongo!" dereva mmoja alipiga kelele kutoka nyuma, na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alingoja watoke wote.

"Nyumbani kwako mnapasua betri?"

"Hata kidogo. Mume wangu ni mtu makini. Hata msumari wa kazini haleti nyumbani."

"Unafanya kazi gani?"

"Mwalimu, si wewe mwenyewe unaniita Dobi?"

Hakucheka. "Unafua nguo za nani?"

Akamweleza. Akamweleza na habari ya fimbo, kwa majivuno kidogo, kama fundi anayetoa siri ya ufundi wake. Kadiri alivyoeleza, ndivyo mwalimu alivyozidi kuinamisha kichwa.

"Ndani ya betri mna risasi," alisema. "Ndiyo iliyojaa kwenye udongo wako. Ni madini mazito. Yanapoyeyushwa hutoa vumbi laini sana. Halina harufu. Linanata kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye viatu. Ni kweli mumeo haleti betri nyumbani. Analeta vumbi lake. Na fimbo yako inalitawanya."

"Mbona mimi ni mzima?"

"Huenda nawe si mzima. Lakini mtoto mdogo hutia mikono mdomoni, na mwili wake hufyonza kuliko wako. Risasi inaingia kwenye damu, inakwenda mpaka kwenye ubongo. Una mtoto mdogo?"

Dobi alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Anasahau maneno," alisema.

Mwalimu hakumbembeleza. "Kesho asubuhi mpeleke hospitali kubwa. Usiseme tumbo tu. Sema hivi: naomba mtoto apimwe risasi katika damu."

"Atarudi kama zamani?"

"Mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba kila siku anayokaa kwenye vumbi hilo, hali inazidi kuwa mbaya."

Jioni ile mume alifika na furushi lake. Dobi alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hazivuki kizingiti hizo. Na uliyoivaa ivue hapo nje."

"Mama Kasuku, una wazimu?"

Akamwambia yote. Mume alisikiliza huku ameshika baiskeli.

"Miaka kumi na moja nimefanya kazi pale," alisema. "Kwa hiyo mimi ndiye ninayemuua mwanangu?"

"Sisi. Wewe unaleta, mimi napiga fimbo."

"Nikimwambia bosi maneno hayo, kesho niko barabarani."

"Na usipomwambia?"

Mume aliegemeza baiskeli ukutani. Alianza kufungua vifungo.

"Makubwa!" mama mkwe alisema kutoka ndani. "Mwanangu ananyonyolewa mlangoni kama kuku, eti kopo la mchanga limesema!"

Mume aliikunja ovaroli, akaiacha nje.

Hospitali ilimpima Kasuku, ikamlaza siku hiyo hiyo. Alikaa wiki tatu. Daktari alisema wazi: dawa hii inavuta risasi iliyo mwilini. Kilichoharibika ubongoni haikirudishi. Dobi alimwomba arudie. Akarudia, kwa maneno yale yale.

Mtoto akiwa bado wodini, mwalimu alikwenda nyumbani kwao Jumamosi moja kuwaonyesha la kufanya. Alimnyang'anya mama mkwe ufagio.

"Ukifagia kavu, mama, unalirusha hewani. Futa kwa kitambaa kibichi."

"Na maji ya kunywa tukiyachemsha?" mama mkwe aliuliza.

"Risasi haiishi kwa kuchemshwa."

Waliumwagia maji udongo wa mlangoni ili usitimke, wakauchimba, wakautia kwenye magunia. Halmashauri ikayachukua. Mahali pake wakamwaga saruji. Karai lilitobolewa matundu na kutupwa, asije mtu akaliokota. Kila mmoja alitakiwa kunawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula. Mtoto alishwe maharage, mboga za majani na maziwa, asikae na njaa, maana tumbo tupu hufyonza risasi zaidi. Nguo za kazi zisikung'utwe kamwe. Zifuliwe kazini, bila kuchanganywa na nguo nyingine.

Jumatatu mume alikwenda kazini na karatasi ya damu ya binti yake. Aliwasomea wenzake kabla tanuri halijawashwa. Kisha mmoja akauliza, "Hiyo hospitali wanapima siku gani?"

Walipeleka watoto kumi na wanne. Kumi na mmoja walikutwa na risasi katika damu. Wanaume wakagoma kuwasha tanuri siku nne.

Karakana ilijenga mabafu mawili na chumba cha kufulia, na ovaroli hazitoki tena getini. Mume alifukuzwa mwezi uliofuata kwa kosa la kuchelewa dakika chache. Sasa anaziba pancha. Kati ya wale watoto kumi na mmoja, mmoja alifariki. Wengine walitibiwa. Mama mkwe alikataa kupimwa hata mara moja, na sasa figo zinamsumbua. Mwalimu alihamishiwa chuo kingine. Yule dereva wa darasani alifeli mtihani. Dobi alifaulu kwa alama za wastani, akaajiriwa kufua mashuka ya hospitali. Kasuku ana miaka minane na yuko darasa la kwanza kwa mara ya pili. Tumbo halimuumi tena. Ana mdogo wake, mvulana, aliyezaliwa baada ya hayo yote. Alipotimiza mwaka mmoja walimpima damu. Haikuwa na risasi.