Kitambaa cha Madhabahu

Kila Jumamosi asubuhi Benedicta huteka maji, hufagia uwanja, kisha humsaidia mama yake kufua. Jumamosi hiyo kazi haikuwa ya mchezo. Ilikuwa zamu ya mama kufua kitambaa cheupe cha madhabahu, na kesho yake palikuwa na kipaimara kanisani kwao hapo Karatu.

"Kianike kwenye kamba, Bene. Kamba tu," mama alisema, akaenda sokoni.

Kamba ilikuwa imejaa mashuka. Benedicta angeweza kusubiri yakauke, lakini wenzake walikuwa wakimwita wakacheze rede. Akakitandaza kitambaa juu ya ua wa seng'enge, akakimbia. Mchezo ukanoga. Aliporudi, mistari miwili ya kahawia nyekundu ilikuwa imekatiza katikati ya kitambaa. Akayaanua mashuka yaliyokwisha kukauka, akakihamishia kambani upesi.

Mama alirudi saa nane. Nyuma yake aliingia Mama Nareyu, Mmaasai aliyewaletea maziwa kila siku. Asubuhi aliacha maziwa mlangoni, sasa alifuata kidumu chake. Jana yake alikuwa kwenye sherehe ya mpwa wake kule Nainokanoka, na mabega yake bado yalikuwa mekundu kwa udongo wa kujipaka.

Mama akaiona ile mistari. "Mama Nareyu! Ulipopita asubuhi ulikiegemea kitambaa hiki?"

"Sijakigusa, Mama Bene."

"Na huo wekundu mabegani? Mzee wa kanisa anakuja kukichukua saa kumi! Nitamwambia nini?"

"Miaka sita naleta maziwa hapa," Mama Nareyu alisema polepole. Akachukua kidumu chake, akageukia njia.

Benedicta aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Aliogopa fimbo, lakini mgongo wa Mama Nareyu ukienda zake ulimuumiza zaidi. Mama alikwisha kufungua chupa ya dawa ya kung'arisha nguo.

"Mama, usimwage! Si udongo, ni kutu. Nilikianika kwenye seng'enge."

Mama aliishusha chupa. "Kutu? Dawa hii ingeigandisha, isitoke tena! Lete malimau na chumvi, mbio!" Kisha akaita kwa sauti iliyopungua nguvu, "Mama Nareyu, rudi. Nimekukosea. Nisamehe."

Mama Nareyu alisimama kidogo, akarudi. Walinyunyiza chumvi, wakakamulia limau, wakakishika kitambaa juani. Jua nalo likawa linachungulia na kujificha mawinguni. Saa tisa mistari ilikuwa bado inaonekana. Wakaongeza limau. Saa tisa na nusu ikawa njano hafifu, na waliposuuza mara ya mwisho haikuonekana tena. Mzee wa kanisa alipobisha hodi, mama alikuwa akimalizia kukikausha kwa pasi ya mkaa.

Mzee alipoondoka, mama alikaa kitako.

"Bene, ulipoficha lilikotoka doa, mimi nilishika dawa isiyo yake, tena nikamchafua mtu asiye na kosa. Kutu imetoka kwa limau. Jina la Mama Nareyu limesafishwa na ukweli wako, japo ulichelewa. Wiki hii utambebea kidumu kila asubuhi kabla ya shule."

"Na awahi," Mama Nareyu alisema, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu saa nane. "Mimi simsubiri mcheza rede."