Sindano Iliyovuta Pumzi

Jioni ile Fundi alitoka kwenda kutafuta muziki mzito, kwa sababu kwaya haijaribu spika.

Hilo kila fundi wa redio analijua, hata awe mcha Mungu namna gani. Nyimbo za kwaya ni nyororo. Spika iliyochanika inaweza kuziimba vizuri tu, ikakudanganya, ukamrudishia mwenyewe, na kesho yake akaja kukutia aibu mbele za watu. Ukitaka kuijua spika, ipe kitu cha kuipiga mieleka. Na mwalimu wa shule ya jirani alikuwa ameleta gramafoni yake na spika mbili kubwa kama makabati, akasisitiza zijaribiwe kwa nguvu kabla hajaja kuzichukua. Basi Fundi akafunga duka wakati taa za barabarani ndiyo kwanza zinaanza kupepesa.

"Nafika kwa Mzee Makorokoro mara moja," akamwambia dada yake mkubwa.

"Mara moja yako naijua. Chakula kitapoa."

"Kipoe."

Dada akaguna. Alikuwa amekuja kwenye mazishi ya wifi yake, na hakuondoka tena, maana nyumba ile ilikuwa haina mtu wa kuishika. Fundi alikuwa halii kama wanaume wengi wanavyolia, kwa kujificha. Alilia akila, akalia akisali, akalia akiwa kazini, machozi yakadondokea chuma cha kulehemu.

Tss... tss...

Usiku binti yake mdogo naye alilia kumtaka mama. Fundi alikuwa akienda, anamweka kifuani, anamwambia, "Nyamaza mwanangu, baba yupo." Halafu wanalia wote wawili mpaka usingizi uwahurumie. Ilikuwa nyumba ya majonzi, lakini ilikuwa nyumba.

Mzee Makorokoro aliuza kila kilichoachwa na watu: pasi zisizo na waya, saa zisizotembea, fremu za picha zenye picha za wasiojulikana. Fundi alimkuta ameshika glasi ya chai kwa kiganja kizima. Mvuke ulikuwa unapanda. Kiganja hakikutetemeka.

"Shikamoo, mzee. Nataka santuri nzito. Ya kujaribia spika."

"Marahaba. Nzito kiasi gani?"

"Inayoumiza."

Ni mzaha wa mafundi. Mzee hakucheka. Aliinama chini ya meza akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akakisukuma.

"Ukimaliza usinirudishie."

"Kwani mbovu?"

"Nzima."

Watu wengi wanadhani shetani huja na mapembe. Fundi alimfutika kwapani akarudi naye nyumbani, akiwa amefungwa gazeti.

Duka lilikuwa mbele na nyumba nyuma, pazia katikati. Alipofungua lile gazeti, alikutana na harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Kasha lilikuwa la kahawia, limechorwa kisima kinachotazamwa kutoka juu. Hapakuwa na jina la bendi. Katikati ya santuri palikuwa na mwaka tu, wa mwanzoni mwa miaka ya sabini, na jina la kampuni ambayo hata wakusanyaji wa santuri hawakuwahi kumtajia.

Akaiweka kwenye gramafoni. Kisha akafanya anachofanya siku zote: akagusa ncha ya sindano kwa kidole. Sindano nzima ukiigusa hivyo, spika hujibu. Dup! Dup! Ndiyo salamu yao. Fundi asiyegusa sindano ni kama daktari asiyeshika mgonjwa.

Akagusa.

Hapakuwa na dup.

Spika zikavuta pumzi.

Hhhhh... Pole pole, kama mtu anayetaka kusema jambo kisha akaghairi. Fundi akageuka haraka. Pazia lilikuwa limetulia. Kidole chake kikafa ganzi, kama ukikilalia. Akakikung'uta, akajiambia ni waya wa ardhi haujakazwa, akashusha sindano.

Ikaja roki. Si ile ya kuchezea. Ni ile ambayo vijana wa mbali waliipiga zamani hizo, walipoichukua bluzi, nyimbo za watu waliolemewa, wakaitundika vyuma. Gitaa lilikuja chafu, likijikokota kama gunia la misumari kwenye sakafu ya saruji. Chini yake kinanda, kama cha kanisani kabisa, ila kanisa lililoezuliwa paa. Ngoma zikaporomoka ngazi. Na wimbo haukuisha kama wimbo wenye adabu unavyoisha. Ulikata kona, ukaingia filimbi, ukabadilisha mwendo, ukapotea, ukarudi umekuwa mzito zaidi. Upande mzima wa santuri, wimbo mmoja. Mwimbaji alilia kwa lugha ya kwao. Fundi hakuelewa neno hata moja, akaelewa yote: huyu naye amezika.

Akakaa juu ya sanduku la vifaa. Alijua mchungaji angesemaje, na nywele za kisogoni zilikuwa zinasema vilevile. Hakuinua sindano. Tusimcheke. Nani kati yetu hajawahi kukaa mahali alipojua hapamfai, kwa sababu tu pana mtu anayemwelewa?

Katikati ya wimbo, vyombo vyote vikanyamaza.

Haikuwa mwisho. Sindano ilikuwa inatembea. Kikasikika chumba walimorekodia... na ndani ya chumba, pumzi. Nyingi. Kama waumini wanaosubiri kusema amina.

Kisha gitaa likaanguka tena kama mlango wa chuma.

Wimbo ulipoisha, Fundi alijigusa mashavu. Makavu. Akajipapasa kifuani, pale palipokuwa na jiwe tangu makaburini. Halikuwepo. Akala chakula kilichopoa, akamaliza, akaomba kingine.

"Mungu ni mwema," dada akasema, akimkodolea macho kwa furaha.

"Ni mwema," Fundi akajibu, kama mtu aliyeulizwa saa ngapi.

Mwalimu akaja kuchukua vyombo vyake. Fundi akashusha gramafoni yake kuukuu kutoka rafuni, na jioni ikawa ya santuri ile tu. Kwanza kidole kwenye sindano, kisha wimbo. Binti yake alikuwa anachungulia penye pazia, anatazama, anaondoka. Jirani kinyozi akagonga ukuta.

"Fundi! Huo wimbo hauna mwisho, au sindano imepata usingizi?"

"Una mwisho."

"Basi utaufikia ndevu zikiwa zimenishinda kunyoa!"

Zamani Fundi angemrudishia la kumkata. Sasa aliona ni kazi.

Siku moja akiwa analehemu akasikia harufu ya nyama inayoungua. Akainuka, akachungulia jikoni, jiko halikuwashwa. Akarudi kukaa. Harufu ikazidi. Alipotazama chini akakuta chuma cha moto kimelala juu ya kidole chake mwenyewe, muda mrefu, na ngozi imeshageuka rangi.

Akakisogeza. Basi.

Nguo za marehemu aliwagawia wanawake wa mtaani kama anayegawa magazeti. Dada ndiye aliyelia. "Mdogo wangu," akamwambia, "wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Nitazame nikiongea." Fundi akamtazama. Dada akayakwepa yeye mwenyewe macho yale.

Usiku ule binti alilia. Fundi akaenda kwa mazoea, akasimama kando ya kitanda, mikono ikining'inia.

"Lala," akasema.

"Sema ile, baba."

"Ipi?"

"Ile unayosemaga."

Akaitafuta. Alijua ilikuwepo, maneno machache tu. Ni kama kutia mkono mfukoni ukakuta mfuko umetoboka. Akamfunika mtoto shuka mpaka shingoni, akaondoka.

Jioni iliyofuata aliweka santuri. Ulipofika ule ukimya wa katikati akasikia pumzi, na nyuma ya pumzi kitu kipya.

Tss... tss...

Tone juu ya chuma cha moto. Kisha mwanamume analia, kwa kwikwi, bila kujificha. Fundi akainamisha kichwa akasikiliza. Hata kukohoa kule katikati ya kilio alikufahamu.

Alikuwa yeye.

Alisikiliza kama mtu anayesikia jina la mgonjwa mwingine likiitwa hospitalini. Akili yake ndiyo iliyostuka, si moyo. Akili ikamwambia: una mtoto. Ulichokuwa nacho cha kumpa kimo humo ndani, na unaendelea kumimina. Nenda kaulize.

Kesho yake, jua likielekea kuzama, akaenda. Mzee Makorokoro alikuwa na glasi yake.

"Kilichoingia mle kinatolewaje?" Fundi akauliza. Salamu walisahau wote wawili.

Mzee alizungusha kidole hewani, kutoka nje kwenda katikati. "Wewe ndiye fundi. Mfereji wa santuri huanzia ukingoni, unaingia ndani. Umeshaona unaotoka?"

"Kwako kilikwenda nini?"

"Kicheko. Mimi nilikuwa mchekeshaji wa mtaa huu mzima, waulize." Alisema kama anayesoma bei. "Nilikuwa naiweka ili nijisikie nikicheka. Baadaye hata hamu ya kujisikia ikaenda."

"Na walioipiga?"

"Wanasema walizika mwenzao, wakaingia studio siku hiyohiyo, wakaomba wasisikie tena uchungu. Hawakusema walimwomba nani." Akanywa chai inayochemka. "Wanasema. Mimi sijui."

"Mbona uliniuzia, mzee? Unanijua. Mke wangu ulikuja kumzika."

Mzee akafikiri kwa haki kabisa.

"Nilitafuta ndani yangu sababu ya kutokuuza," akasema. "Sikuikuta."

Fundi akaanza kurudi. Njiani alijaribu kuomba. Maneno yalikuja yamepangana vizuri, hayakuwa na mtu ndani yake. Akaamua ataivunja santuri. Kisha akawaza: akiivunja, yule anayelia mle ataenda wapi? Akawa hajafika mwisho wa wazo hilo aliposikia, kutoka upande wa dukani kwake, gunia la misumari likiburutwa juu ya saruji.

Dada alikuwa kwenye maombi. Nyumbani alibaki mtoto peke yake.

Alijua anapaswa kukimbia.

Alitembea.

Binti alikuwa amekaa juu ya sanduku la vifaa, miguu haifiki chini. Uso mkavu. Kidole kimoja amekifumbata kwa mkono wa pili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umegusa sindano?"

"Kama unavyofanyaga."

"Kwa nini?"

"Wewe uliacha kulia," mtoto akasema kwa utulivu. "Nikataka na mimi niache."

Fundi akasubiri kitu kimpate. Alisubiri kwa unyoofu kabisa, kama mtu aliyebonyeza swichi. Akasogeza kiti, akakaa pembeni yake.

Hivyo ndivyo dada alivyowakuta, Biblia kwapani, jasho la njiani usoni. "Hii ndiyo mnayoipiga mpaka barabarani inasikika? Na mtoto naye..."

Vyombo vikanyamaza.

Pumzi. Tss... tss... Mwanamume akalia. Kisha, karibu naye, mtoto wa kike akaanza kulia, akimwita mama. Mwanamume akakatisha kwikwi zake, akasikika akijikongoja gizani kumfuata. Na sauti, ileile ambayo dada aliisikia kila usiku kupitia ukutani, ikasema kwa upole:

"Nyamaza mwanangu. Baba yupo."

Biblia ikaanguka. Dada akaitazama spika, akawatazama wale wawili waliokaa mbele yake, mikono magotini, kama watu wanaongoja zamu kwa kinyozi.

"Zima," akanong'ona.

Hakuna aliyeinuka.

"Kwa jina la Yesu, mdogo wangu, zima!"

"Sisi tuko pale, dada," Fundi akasema. "Sikiliza. Tuko salama."

Dada akapiga ukelele. Alilia kwa ajili ya watatu, machozi mpaka kifuani, akairukia gramafoni. Maisha yake yote hakuwahi kuishika. Akaukamata kwa pupa mkono wa gramafoni, pale penye sindano, akaunyanyua, kidole chake kikiwa chini ya ncha.

Spika hazikusema dup.

Hhhhh...

Kimya. Kilio cha dada kikakatika. Kisha akajifuta shavu, akautazama unyevu vidoleni mwake kama anayejiuliza umetoka wapi. Akaurudisha mkono wa gramafoni juu ya santuri, taratibu, kama aliyefundishwa.

"Chakula kitapoa," akasema.

"Kipoe," mtoto akajibu.

Kinyozi anasema nyumba ile siku hizi ina amani. Hakuna ugomvi, hakuna kelele, Jumapili wanakwenda kanisani wote watatu, wanaimba bila kukosea. Ila jioni akiegemea ukuta husikia familia nzima ikilia mle ndani, ikibembelezana, ikimwita marehemu kwa jina. Alishawahi kwenda kuwapa pole. Akawakuta mezani, wanakula, hakuna anayezungumza.

Fundi akamkaribisha kiti. Wimbo ulikuwa bado unaendelea. Kinyozi akauliza, kwa kutaka neno tu, inakuwaje spika kuukuu zikatoa sauti safi hivyo.

"Ni sindano," Fundi akamwambia. "Njoo uiguse."