Pakiti Thelathini za Unga wa Wimbi

Kila Jumamosi asubuhi, Shiku na mamake walifungasha unga wa wimbi wa kuuza madukani, chumbani kwao mtaani Kware. Shiku alipima nusu kilo nusu kilo kwa mizani ya mama, mama akafunga. Siku hiyo Bwana Gedi, mwenye duka la chini, aliingia na pakiti nne na mizani yake. Si mtu mbaya, lakini hasira zake hazijui kubisha hodi.

"Mama Shiku, nimezipima hizi. Kwa wastani zimepungua gramu nne. Walahi, leo nitaambia kila duka kwamba unatuibia!"

Mama aliweka chini pakiti aliyokuwa akifunga. Wakikosa maduka, watakula nini? Shiku alimkimbilia jirani yao, Mwalimu Mukhwana, anayefundisha hesabu.

"Pakiti nne ni chache," mwalimu alisema alipofika na kuelezwa. "Tuanze kwa kukubali kwamba wastani wa pakiti zote ni gramu mia tano. Tupime thelathini, tuone kama upungufu ni wa bahati tu. Shiku, zilete."

Shiku akachagua zilizonona, zilizoonekana nzito kuliko nyingine. Alipozifikisha mbele ya mizani ya Gedi, moyo ulimsuta.

"Mwalimu, hizi nimezichagua."

"Afadhali umesema. Zirudishe, uzichanganye zote, uchukue ukiwa umefumba macho."

Safari hii wastani ulikuwa gramu mia nne tisini na nane. Mwalimu akapiga hesabu daftarini.

"Kama mizani ya mama ni sawa, bahati ingeleta upungufu wa kiasi hiki au zaidi karibu mara tatu katika mia."

"Basi ni mwizi!" Gedi alidakia.

"Polepole. Kumwambia mtu akague mizani, nakubali hatari ya kukosea mara tano katika mia. Tatu haifiki tano, kwa hivyo aikague. Kumwita mwizi, sikubali zaidi ya mara moja. Tatu imezidi moja. Hapo ushahidi hautoshi."

Mama aliipindua sahani ya mizani yake. Unga ulikuwa umeganda chini yake, ukiongeza uzito wa uongo.

"Ni mimi, mama," Shiku alisema. "Sijaipangusa tangu wiki jana."

Mama alishusha pumzi, akacheka hadi machozi yakamtoka. Gedi aliinamisha kichwa.

"Nisamehe, Mama Shiku. Nitazidi kuuza unga wako."

"Shiku," mwalimu alisema, "ungenyamaza kuhusu zile ulizochagua, mizani ingeendelea kutudanganya. Na sisi wakubwa tukumbuke: neno likiwa la kumvunjia mtu jina, ushahidi wake uwe mzito zaidi."