Boksi la Mwisho Lilikuwa Langu

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na tunaishi Kaloleni, mimi na Mama tu. Mimi si mtu wa maneno. Mwalimu akiniuliza swali, sauti inapotea. Ndiyo maana nachora. Lakini leo nitasema, kwa sababu hasira imenifika kooni...

Baba alikuwa fundi wa injini za maboti. Nikiwa darasa la sita, aliingia ziwani kutoka ufuo wa Dunga kujaribu injini aliyokuwa ametengeneza. Boti ilipatikana. Yeye hajapatikana hadi leo.

Kwetu, mtu akipotea ziwani na mwili ukakosa kuonekana, huzikwa yago badala yake, lile tunda refu, zito, la porini. Ukishalizika, basi, amekufa. Baba mdogo, ndugu yake Baba, amemsukuma Mama miaka yote hii akubali. Mama akakataa. Kila jioni aliweka sahani ya Baba mezani.

Sahani hiyo ndiyo niliichora. Hadithi nzima ya katuni, bila neno hata moja! Ukurasa wa kwanza, sahani ile ile katika kila boksi, kinachosonga ni mwanga wa dirisha tu. Halafu gugu maji linaanza kuota pembeni mwa karatasi. Linakula mistari ya maboksi, linaingia jikoni, linafika miguuni mwa Mama. Boksi la mwisho nililiacha tupu. Baba hajulikani aliko, sasa ningechora nini?

Vivian alikuwa rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Anaishi Milimani, kwao kuna kompyuta ya kuchorea. Akasema ataitia rangi na kuipeleka kwenye maonyesho ya vijana mjini, maana mimi nitaona haya. Nikampa kurasa zote. Tena nikamshukuru!

Siku ya maonyesho nilisimama nyuma ya watu, kisha nikasogea hadi mezani. Kwenye jalada: imechorwa na Vivian. Chini, kwa herufi ndogo: kisa cha kweli cha familia ya rafiki yangu Achieng. Nikafunua ukurasa wa mwisho. Boksi langu lilikuwa limejaa. Jeneza wazi, na ndani yake yago. Alikuwa amelichora vizuri sana, na hilo ndilo lililonichoma zaidi...

Nilimuuliza kwa sauti ya chini ni kwa nini.

"Achi, wacha ushamba," akacheka. "Boksi tupu inakaa ni kama ulichoka. Si nimekumalizia tu?"

Kunimalizia! Baba ni wa nani, wake au wangu?

Watu wakampigia makofi. Wakasema mwisho ule ni wa ujasiri. Nami nikarudi nyuma ya watu, kama kawaida yangu.

Picha zikatembea kwenye simu hadi zikamfikia Baba mdogo. Jumapili akaja na wazee wawili. Akamwambia Mama kwamba hata mtoto ameshakubali, amebaki yeye peke yake. Mama akaichukua simu, akalivuta lile boksi kwa vidole hadi likajaa kioo. Kisha akaniangalia.

"Nyathina, mwanangu, hata wewe umemzika?"

Nilifungua mdomo... hewa tu ikatoka.

"Sawa," Mama akawaambia. "Zikeni."

Yago likazikwa nyumbani. Mama hakulia. Baadaye nilimwonyesha michoro yangu ya penseli, ile ya kwanza, boksi likiwa tupu. Aliamini. Lakini kaburi nani atalifukua? Siku hizi sahani haiwekwi. Na Vivian ananitumia ujumbe eti nijivunie, tumejulikana!

Nimechora ukurasa wa mwisho upya, boksi likiwa tupu, na kuubandika ukutani juu ya meza. Mama huuona kila siku. Hajaubandua.

Ndugu yangu unayechora, nakusihi. Usimpe mtu hadithi yako akumalizie, hata kama kwao kuna kompyuta, hata kama anakuita rafiki. Ulichokiacha wazi, unajua kwa nini umekiacha. Akikigusa, sema hapo hapo, hata sauti ikitetemeka. Mimi yangu ilikuja wakati udongo ulikuwa tayari umerudishwa...