Mama Mkwe na Matandiko ya Nguchiro Wangu

Nilimwona kwa macho yangu mawili...

Mama mkwe wangu, mama mzazi wa mke wangu Nyanjige, amepiga magoti mbele ya kibanda cha nguchiro wangu. Anang'oa pamba niliyowatandikia jana yake jioni, anaitupa nje mafungu mafungu. Mle ndani dume anatetemeka kwa baridi.

Na mimi mwenye wanyama nimefanya nini?

Nimejificha nyuma ya nyumba yangu mwenyewe!

Wadau, msinicheke kwanza. Kwetu Usukumani, na huku Sapiwi hasa, enzi zile mkwe wa kiume hasemi na mama mkwe. Hamtazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anaingia porini ampishe mwenzake. Ukiwa na neno, unamtuma mtu.

Na mimi kwa shida ya ardhi nilikuwa nimejenga ukweni. Ua wa minyaa tu ndio ulitutenganisha. Washikaji walinitania kwamba nimeolewa.

Basi nikabaki ukutani nimeinamisha kichwa mpaka alipomaliza na kuondoka. Hasira nilikuwa nayo, lakini ningemfokea nani?

Ngoja niwaeleze hao nguchiro walitoka wapi.

Ni ile miaka soko huria lilipoingia kwenye pamba. Zamani unapeleka chama cha ushirika, bei ni moja, umemaliza. Sasa kampuni za watu binafsi zikamiminika Bariadi. Leo huyu ana bei hii, kesho yule ana bei ile. Kila mkulima akawa mjanja. Tukaacha kuuza mapema, tukajaza pamba ndani ya nyumba tukisubiri bei ipande. Kwangu chumba cha pili kilijaa hadi mlango ukagoma kufunga.

Pamba ikaleta panya, maana wanapenda mbegu. Panya wakaleta nyoka.

Mchana mmoja Nyanjige, tumbo limeshakuwa kubwa, akainua shuka. Nyoka kajikunja kitandani.

Hakupiga hata kelele. Alifunga kanga zake akaenda Malampaka kwa dada yake. Akaniachia neno moja.

"Siku nyumba ikiwa haina nyoka, nitarudi kwangu na mtoto wangu."

Nilimpenda yule mwanamke, jamani. Usingizi ulikata.

Nikahangaika mpaka Lingeka, kwa mzee mmoja aliyekuwa akifuga nguchiro tangu wakiwa wachanga. Akanipa wawili, dume na jike, na jike ana mimba. Aisee, wale wanyama ni noma! Mchana wanazunguka nyumba nzima, jioni wanarudi kibandani wenyewe. Panya wakahama. Nyoka sikumwona tena.

Nikatuma habari Malampaka. Nyanjige akajibu kwamba anajiandaa kuja. Mradi nguchiro wapo.

Kwa hiyo mnaelewa. Nguchiro wakiishi, mke wangu anarudi. Wakifa, basi.

Ndipo baridi ya Juni ikashuka.

Nilifanya kila nililoweza. Kibanda nikakiinua juu ya mawe kisiguse ardhi. Mlango nikaugeuza upande usio na upepo, nikauning'inizia gunia. Chakula nikawaongezea, mayai na dagaa, maana mnyama aliyeshiba hapati baridi haraka.

Na matandiko? Nani ana matandiko mazuri kuliko mkulima wa pamba? Kila jioni nilichota pamba chumbani nikawajazia kibanda. Ilikuwa ya baridi mkononi, nikasema ni hali ya hewa tu.

Kumbe kila asubuhi nikitoka na ng'ombe, mama mkwe anavuka ua. Nikirudi, pamba iko nje, na mahali pake pamewekwa nyasi kavu, zimepondwa zikalainika. Siku za mwanzo sikujua ni nani. Siku ile niliporudi kuchukua kamba niliyoisahau ndipo nikamkuta.

Nyasi! Nikazitoa zote, nikarudisha pamba.

Kesho yake, nyasi tena. Nikazitoa tena.

Nikamtuma mdogo wangu Masalu. Alikuwa anaishi kwangu, ananisaidia mambo ya pamba, na ndiye aliyekuwa mdomo wetu mimi na mama mkwe. Nikamwambia akamuulize mama, kwa heshima, wanyama wangu wamemkosea nini.

Masalu akarudi na jibu.

"Mama anasema hao ni wanyama wa kichawi. Hataki binti yake alale nao nyumba moja."

Ningemshtaki wapi mama mkwe? Mtu mzima aende kwa wazee aseme ukweni wananitolea matandiko ya nguchiro?

Dume akafa.

Nilimzika nyuma ya zizi, nikamtuma Masalu tena. Jibu lilikuwa lile lile. Wakati huo jike alikuwa ameshazaa, watoto macho hayajafunguka. Nikazidisha pamba, nikashindilia hadi mlangoni. Jike akawa anakohoa, pua inatoka majimaji, na maziwa yakaanza kukauka.

Alasiri moja nilikuwa nimepiga magoti pale kibandani, nikasikia hatua nyuma yangu.

Alikuwa mama mkwe. Amejifunika kanga mpaka usoni, mgongo amenigeuzia. Nikainuka nikimbie.

"Mihayo."

Wadau, alinitaja jina! Nikasimama pale pale.

"Shika hiyo pamba yako uikamue."

Nikachota ya chini kabisa, nikaikamua. Maji yakanitiririka katikati ya vidole...

"Tangu mbeho, baridi hii, ianze nimekutumia maneno kwa mdogo wako kwamba pamba yako ni mbichi. Nikadhani wewe ni mbishi. Hakukwambia?"

Nilikimbilia chumbani, nikazamisha mkono ndani ya gunia hadi kwapani. Juu pakavu, ndani pamelowa. Gunia la pili, vile vile. Yote.

Hapo ndipo nikaelewa: Masalu alikuwa anaimwagia pamba maji ili iwe nzito kwenye mizani. Huo ndio ulikuwa mchezo wa mjini, wengi waliwapiga wanunuzi wapya hivyo. Angenifikishia ujumbe wa mama, angejichoma mwenyewe. Akaona bora atunge maneno.

Nilipomwita, hayupo. Ameshadandia lori.

Jua halijazama jike akanifia mikononi. Watoto nao walikuwa wameshapoa, isipokuwa mmoja aliyekuwa bado anahema. Mama mkwe alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Nikampa. Akamviringisha kwenye kanga kifuani, akavuka ua, akaingia naye katika nyumba ambayo mimi kwa mila siruhusiwi kukanyaga.

Wanunuzi walipokuja waliipima pamba kwa kuingiza mkono tu, wakaikataa. Hakuna kampuni iliyoitaka. Ikaoza chumbani, panya wakarudi, na nyoka nao.

Nyanjige alirudi, ndiyo. Na mtoto wa kike mgongoni. Lakini hakuja kwangu. Alikwenda ng'ambo ya minyaa, kwa mama yake, kwenye nyumba yenye yule nguchiro mdogo aliyepona.

Nikawa namsikia mwanangu akilia ng'ambo ya ua. Sikuweza kuingia. Hata kuita nilishindwa, maana angeitika mama mkwe.

Najua mtauliza kama mke wangu hakuvuka hata mara moja. Alivuka. Alikuja kuchukua nguo zake.

Nikajitetea, jamani. Nikamweleza kwamba mwiko ulinifunga mdomo na Masalu alinizunguka, na hakuna neno la kweli lililonifikia.

Alikunja nguo ya mwisho, akaifunga kwenye kanga.

"Kila asubuhi mama alikuwekea nyasi kavu," akaniambia. "Ulitaka aseme vipi tena?"

Akajitwisha furushi, akavuka ua. Mdau unayesoma hapa, mtu akikutendea jambo lile lile kila siku bila kuchoka, usisubiri wa kukutafsiria. Inama ushike kwa mkono wako mwenyewe, ungali na cha kuokoa.