Mwenye Pumzi Hatulii Pichani

Picha ilipoanza kujitokeza kwenye beseni la dawa, Taban alicheka peke yake kwa furaha. Kilima kilitoka safi, jiwe kwa jiwe, na mbingu ilibaki na ule mwanga wa mwisho wa jioni. Upande wa kulia, kando ya kichuguu, mkewe Sadiya naye alitoka safi, hadi kope za macho. Hapo kicheko kikakatika, maana mtu aliye hai hatoki hivyo saa ile.

Jioni mwanga ni mchache, kwa hiyo lenzi huachwa wazi kwa muda. Mlima hutulia, lakini mtu hupumua, na pumzi humtia ukungu. Taban, mbishi kama alivyo, hakutaka kulikubali hilo. Tangu warudi Koboko kutoka ukimbizini Sudani, mwaka wa themanini na saba, alitaka picha moja kubwa ya jioni ya nyumbani, aitundike ukutani mwa studio yake. Alimsimamisha Sadiya pembeni na si katikati, ili jicho lianzie kwake ndipo lipande kilimani. Sadiya alishika tochi, Taban akalenga fokasi kwenye mwanga wake, kisha tochi ikazimwa. Jioni baada ya jioni kila kitu kilikaa sawa isipokuwa uso wa Sadiya. Alikuwa akisoma dua kimyakimya, na midomo iliyochezacheza ilimharibia Taban picha.

“Leo funga mdomo,” alimwambia. “Dua utasoma ndani.”

“Bila dua mimi naogopa, Taban.”

Mama yake Taban, mzee Fatumah, alisikia akiwa mlangoni. “Hii iko saa ya Magharibi, mwanangu. Watu nafungia watoto ndani, wewe naweka bibi yako nje bila hata bismillahi?”

“Kidogo tu, mama.”

Sadiya alimpenda mumewe, akafunga mdomo. Hiyo ndiyo picha iliyotoka safi.

Mwanamke aliyeingia ndani jioni ile alinuka udongo mbichi. Hakula, hakupepesa macho, na ukimwita aliitika baada ya muda, kama anayeulizia jina lake kwanza. Kila Magharibi kitu kilikwaruza ubao wa mlango kutoka nje, polepole, chini kabisa karibu na kizingiti, na kila kilipokwaruza yeye aliinuka bila kuambiwa, akasukuma komeo, akauegemeza mgongo wake mlangoni akiwatazama Taban na mama yake mpaka giza likaingia kabisa na mkwaruzo ukafifia upande wa kichuguu.

“Nani iko nje?” Fatumah alinong’ona.

“Upepo,” yule mwanamke alijibu, na kifua chake hakikupanda wala kushuka.

Taban alikwenda mwenyewe Ludara kumchukua Faki Nasur, mtu wa kisomo. Faki aliomba aione picha kwanza. Aliishika mbele ya dirisha, akaweka kidole kwenye doa jeupe nyuma ya kichuguu, ambalo Taban alidhani ni dawa iliyomwagika.

“Hii iko ndani hapana Sadiya,” alisema kwa sauti ya chini. “Sadiya iko hapa. Yeye ndiyo nagonga mlango.”

Taban alikaa chini sakafuni. Siku zote hizo mkewe alikuwa akiomba kufunguliwa, naye alikuwa amekaa akisikiliza.

Faki alichoma ubani, akasoma, na alipozidi kusoma yule mwanamke aliguna kwa sauti nzito isiyo ya mwanamke wala ya mwanamume, ukuta ukatikisika, harufu ya udongo ikawajaa kooni hadi wakakohoa na kutokwa machozi, kisha gauni likaanguka tupu na udongo mkavu ukamwagika kutoka mikono ya gauni hilo.

“Imeondoka,” Faki alisema, akikunja msala wake.

“Na bibi yangu, faki? Sasa narudi?”

“Mimi najua kufukuza. Kurudisha mutu yenye ilienda bila dua, mimi hapana jua. Siwezi danganya wewe.”

Tangu hapo mlango uliachwa wazi, lakini hakuna kilichokwaruza tena. Kila Magharibi Taban alisimamisha kamera mbele ya kichuguu na kusoma dua zote alizozijua. Akisafisha picha alimwona Sadiya, amevurugika, uso haushikiki, midomo ukungu mtupu, naye alilia kwa shukrani kwa sababu ukungu ule ulikuwa pumzi yake. Lakini kwa kila picha ukungu ulipungua. Taban alianza kulegeza fokasi kwa makusudi na kutikisa kamera kwa mkono, ili ukungu urudi. Kilima kilivurugika. Sadiya hakuvurugika.

Jioni moja Fatumah, asiyejua lolote la kamera, aliinamia beseni pamoja naye, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mkasa ule.

“Leo naonekana vizuri, mwanangu. Uso yake yote iko.”

Taban aliigeuza picha kifudifudi ndani ya dawa.

“Mama,” alisema, “funga mlango.”